Nambari Iendayo Ng'ambo

Hotuba ya Mweka Hazina mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha mwaka wa kumi wa Chama Kikuu

Bwana Mwenyekiti, Mgeni wetu wa Heshima, waheshimiwa wajumbe wa Kamati, makatibu wa vyama vya msingi, na ninyi wanachama wenzangu, wakulima wa kahawa:

Nilipotakiwa niseme neno katika sikukuu hii, wengi walidhani nitasimama hapa kusoma mizania. Mizania mmekwisha gawiwa asubuhi, na kila mwenye macho ataisoma kwa wakati wake. Mimi nimechagua kusema juu ya jambo dogo sana, jambo lisilozidi herufi na tarakimu thelathini na nne, ambalo katika mwaka wa saba wa chama chetu lilizuia fedha zenu kwa muda wa siku kumi na tisa.

Waliokuwapo wanakumbuka. Tulikuwa tumepeleka Ujerumani kontena moja la magunia 320, kila gunia kilo 60, kahawa safi isiyo na doa. Mzigo ulifika salama. Mnunuzi akaonja, akaridhika, akataka kutulipa siku ile ile. Akatuletea karatasi ya kujaza habari za benki yetu, na katika karatasi ile palikuwa na kisanduku kimoja kilichoandikwa herufi nne: IBAN.

Sasa nitakiri jambo ambalo sijapata kulikiri mbele ya mkutano. Karatasi ile niliijaza mimi mwenyewe. Sikujua IBAN ni kitu gani, na kwa kuwa niliona haya kuuliza, nilichukua nambari ya akaunti yetu, nikatanguliza herufi TZ, nikapachika sifuri mbili katikati, nikaitazama, nikaona imependeza macho. Nikatia sahihi na muhuri wa chama. Benki ya mnunuzi ilipoingiza nambari ile katika mashine yao, mashine iliikataa papo hapo. Karani wa kule akaandika barua kwa mnunuzi, mnunuzi alikuwa safarini, zikaingia sikukuu za Pasaka, barua ikatufikia, tukajibu kwa kubahatisha mara ya pili, tukakataliwa mara ya pili. Hesabuni wenyewe jinsi siku kumi na tisa zinavyopatikana.

Wakati huo shule zilikuwa zinafunguliwa, na ninyi mlikuwa mnangoja malipo ya pili. Alinijia ofisini mama mmoja mtu mzima, mwanachama wa chama cha msingi cha juu mlimani, ameshika barua ya shule ya mjukuu wake. Nikamkaribisha kiti, asikae. Akaniuliza, "Mwanangu, kahawa imekwisha fika Ulaya. Fedha zimekwama wapi?" Nami sikuwa na jibu. Hotuba hii ni jibu la mama yule, ingawa limechelewa.

Ndugu wanachama, zamani kila nchi ya Ulaya ilikuwa na desturi yake ya kuandika nambari za akaunti. Huku tarakimu kumi, kule kumi na mbili, pengine nambari ya benki ikitangulia, pengine ikifuata. Karani wa Ufaransa akipewa nambari ya Italia hakuweza kujua kama ni kamili au imepungua. Alikuwa akiiandika kama alivyopewa, na fedha zikienda upofu zilirudi kama barua isiyo na mwenyewe, tena zimekatwa gharama za kwenda na kurudi. Basi wakaketi wakapatana juu ya namna moja ya kuandika. Kanuni yao ilitolewa mwaka 1997 na Shirika la Kimataifa la Viwango, ikapewa nambari 13616. Maana ya IBAN ni nambari ya akaunti ya benki ya kimataifa.

Wasiwadanganye watu kwamba benki zote zilifuta nambari zao na kuanza upya. La, hasha! Hekima ya kanuni hiyo ni kwamba kila nchi iliachiwa nambari yake ya zamani vile vile ilivyo, ila ilivishwa kofia ya herufi mbili na tarakimu mbili. Herufi mbili ni jina la nchi. Tarakimu mbili ni mlinzi, na huyo mlinzi nitamweleza kwa kituo. Nyuma yao hufuata nambari ya nchi yenyewe, nayo haizidi herufi na tarakimu thelathini. Ndiyo maana urefu hutofautiana: IBAN ya Norwe ina alama 15 tu, ya Ubelgiji 16, ya Ujerumani 22, ya Burundi jirani zetu 27, na ya Malta, kisiwa kidogo vile, 31. Lakini ndani ya nchi moja urefu ni mmoja siku zote. Kwa hiyo ukiletewa nambari ya Ujerumani yenye alama 21, huna haja ya kuwa mtaalamu. Ihesabu kwa kidole, uirudishe.

Sasa nitawaandikia ubaoni mfano mmoja, nao ni mfano unaochapishwa katika daftari la kanuni kwa ajili ya kufundishia. Si akaunti ya mtu:

BE68 5390 0754 7034

BE ni Ubelgiji. 68 ni mlinzi. Tarakimu tatu zinazofuata, 539, ni za benki. Saba zinazofuata, 0075470, ni za akaunti. Mbili za mwisho, 34, ni mlinzi wa zamani ambaye Wabelgiji walikuwa naye kabla ya IBAN haijazaliwa. Angalieni tena kwamba huandikwa mafungu ya nne nne. Mafungu hayo ni ya kusaidia jicho la mtu tu, mashine haiyahitaji.

Mlinzi hufanyaje kazi? Hapa naomba mnivumilie, kwa maana wako watakaosema hesabu ni ya walimu. Mkulima anayepima kahawa kila siku hawezi kuogopa hesabu ya kugawanya. Tuseme una magunia 320, na kila lori huchukua magunia 97. Malori matatu yatajaa, nayo yatabeba 291, na chini yatabaki magunia 29. Hiyo 29 ndiyo baki. Hesabu ya mlinzi haina zaidi ya hapo: gawanya kwa 97, utazame baki.

Twaeni nambari ile ya Ubelgiji. Alama nne za mbele zipelekwe nyuma, ndipo tupate 539007547034, kisha BE, kisha 68. Herufi zigeuzwe tarakimu: A ni 10, B ni 11, na kuendelea hivyo mpaka Z, ambayo ni 35. Basi B inakuwa 11, na E inakuwa 14. Tumepata nambari moja ndefu:

539007547034111468

Igawanyeni kwa 97. Kwa penseli itachukua dakika chache, kama tulivyofundishwa shule, ukishusha tarakimu moja moja. Kwa mashine ni kufumba na kufumbua. Baki ni 1. Na sheria ni hiyo tu: kila IBAN iliyo sahihi, ya nchi yoyote, ikigawanywa hivyo lazima ibakize 1. Msiniulize kwa nini 1 na si 5. Ni mapatano, kama sisi tulivyopatana kwamba mkutano mkuu uanze saa tatu, ingawa leo tumeanza saa nne na nusu.

Sasa tufanye kosa kwa makusudi. Karani wetu amechoka, amesoma 75 akaandika 57, ndipo nambari ikawa BE68 5390 0574 7034. Kwa macho huoni tofauti, na nambari ni ndefu vile vile. Lakini igawanye: baki ni 8. Mlinzi ameinuka mlangoni. Nambari hii haipiti, na fedha hazijatoka kwenye akaunti ya mlipaji hata senti moja.

Na ile 68 ilipatikanaje? Benki inapofungua akaunti huweka kwanza 00 mahali pa mlinzi, ikagawanya, ikatazama baki. Katika mfano wetu baki ni 30. Kisha hutoa baki hiyo katika 98. 98 kutoa 30 ni 68. Nimewaeleza hili kwa sababu ya aibu yangu mwenyewe: mnaona sasa jinsi zile sifuri mbili nilizozipachika zilivyokuwa upuuzi. Mlinzi habuniwi. Huzaliwa na nambari anayoilinda.

Bwana mmoja wa Kamati aliniuliza kwa nini wakachagua 97, nambari isiyo na sura. Ilichaguliwa kwa sababu 97 ni namba tasa, haigawanyiki na nambari nyingine ila moja na yenyewe, tena ndiyo kubwa kuliko tasa zote za tarakimu mbili. Ukikosea tarakimu moja tu, au ukizipindua mbili zilizo jirani, tofauti inayotokea haiwezi kugawanyika kwa 97, kwa hiyo baki lazima ibadilike. Makosa hayo mawili ndiyo makosa makubwa ya mkono wa mwanadamu, na yote mawili hukamatwa bila kukosa. Mtu akiandika tarakimu ovyo kabisa, atapita mara moja katika 97 hivi. Kwa kosa la mkono, sijaona ulinzi ulio rahisi kuliko huu.

Katika nchi zitumiazo sarafu ya yuro nambari hii sasa ni sharti. Sheria yao ya mwaka 2012 iliamuru hivyo, na mwaka 2014 kazi ya kuhamisha hawala zote za yuro ikakamilika. Nchi nyingi nje ya Ulaya nazo zimeingia: Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Misri, Tunisia, Morisi, Shelisheli. Omani imeanza mwaka 2024, na wale kati yenu wenye ndugu Maskati bila shaka wamekwisha sikia habari zake.

Na sisi? Hapa ndipo penye jibu la mama yule. Tanzania haina IBAN. Kenya haina. Uganda haina. Mnunuzi akitutaka IBAN anatutaka kitu ambacho hakipo, na anayekibuni, kama nilivyobuni mimi, anatunga uongo bila kukusudia. Wala hatuna sababu ya kuona haya. Marekani yenyewe haina, na Kanada haina. Wamarekani hutumia nambari yao ya benki yenye tarakimu tisa pamoja na nambari ya akaunti, na fedha zao zazunguka dunia nzima. Jibu nililopaswa kuandika katika kisanduku kile lilikuwa sentensi moja: "Nchi yetu haitumii IBAN, tafadhali tumia nambari ya akaunti na alama ya benki iliyo hapa chini." Sentensi moja, ndugu zangu, kwa siku kumi na tisa.

Hiyo alama ya benki ndiyo ya pili ya kuijua. Huitwa BIC, na wengine huiita alama ya SWIFT. Ina herufi nane, au kumi na moja. Nne za kwanza ni za benki, mbili zinazofuata ni za nchi, mbili ni za mahali. Na zikiwapo tatu za mwisho, hizo ni za tawi. Nawapa mfano wa benki mnayoijua nyote, bila kusema ndiyo yetu au siyo yetu. Alama ya Benki ya CRDB ni CORUTZTZ. Mnaiona TZ ya nchi katikati. Na wazee watakumbuka kwamba jina la asili la benki hiyo lilikuwa Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini. Anayejua Kiingereza kidogo ataona katika zile herufi nne za mbele mwanzo wa neno la ushirika na mwanzo wa neno la vijijini. Benki imebadilika, wenye hisa wamebadilika, lakini ushirika umebaki katika anwani yake.

Na kwa kuwa tumetaja ushirika, niruhusuni nitoke njiani kidogo. Hiyo SWIFT ni nini? Wengi hudhani ni benki kubwa kupita zote. Si benki. Mwaka 1973 benki 239 za nchi 15 zilichoshwa na kupelekeana habari kwa teleksi, ambayo ilikuwa ya polepole na yenye makosa, zikaanzisha chombo kimoja cha kupelekeana maagizo. Kikaanza kazi mwaka 1977. Makao yake yako La Hulpe, karibu na Brussels. Leo kinaunganisha zaidi ya vyombo vya fedha 11,000 katika nchi zaidi ya 200, na ndicho kinachoshika daftari la IBAN za nchi zote. Na kwa sheria ya Ubelgiji kimeandikishwa kuwa nini? Chama cha ushirika! Benki ndizo wanachama, na hisa zao hupangwa kwa kadiri kila benki inavyokitumia chombo hicho. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu ofisini. Wakubwa wa fedha duniani, walipotaka kufanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyeliweza peke yake, walifanya kama tulivyofanya sisi chini ya mwembe miaka kumi iliyopita.

Turudi njiani. Mnunuzi ameandika nambari sawasawa. Je, fedha husafirije? Hakuna sanduku la fedha lipandalo ndege. Yanayosafiri ni maagizo, na fedha ni kuandika katika madaftari. Kahawa yetu huuzwa kwa dola. Benki yetu ina akaunti yake katika benki fulani ya New York. Benki ya mnunuzi nayo ina yake huko. Agizo likifika, daftari la mmoja hupunguzwa na daftari la mwingine huongezwa, kisha benki yetu hapa huongeza daftari letu. Ikiwa benki mbili hazina mjuano, hutafutwa ya tatu ya kuziunganisha, na pengine ya nne. Kila mmoja njiani hukata kitu chake. Katika agizo huandikwa herufi tatu za kuonyesha nani atalipa gharama hizo: OUR, maana yake mlipaji hulipa zote, SHA, maana yake tunagawana, BEN, maana yake mpokeaji ndiye anayekatwa. Kwa miaka minne tulikuwa tukikatwa wala hatujui kwa nini, tukimlaumu mnunuzi kwamba anapunja. Hakuwa anapunja, mkataba wetu ulikuwa kimya juu ya herufi tatu hizo, na benki zikafuata desturi. Mikataba ya sasa imezitaja.

Nimesifu sana mlinzi, na sasa lazima niseme udhaifu wake, kwa maana hapa ndipo mali yenu inapoweza kupotea yote, wala si kuchelewa tu.

Mwaka juzi tulinunua mtambo wa kumenya kahawa kutoka kwa mtengenezaji wa Ulaya. Safari hii sisi ndio walipaji. Ankara ikaja kwa barua pepe, na IBAN yake chini. Siku tatu baadaye ikaja barua pepe nyingine: anwani ile ile, jina lile lile, maneno ya adabu tele, ikisema kwamba akaunti yao iko katika ukaguzi, kwa hiyo fedha zitumwe katika akaunti nyingine. Karani wetu, ambaye nilikuwa nimemfundisha hesabu ya 97 na akaipenda mno, akakaa akagawanya. Baki ikatoka 1. Akaniletea kwa furaha: "Bwana Mweka Hazina, nambari ni safi." Nami nilikuwa nimekwisha shika kalamu.

Aliyetuokoa ni Makamu wa Mwenyekiti, mtu ambaye kugawanya kwa 97 hakumpendezi hata kidogo. Yeye aliuliza tu, "Mmesema nao kwa mdomo?" Hatukuwa tumesema nao. Akatutuma tutafute mkataba wa kwanza kabatini, tupige simu kwa nambari iliyo katika mkataba, si ile iliyo katika barua mpya. Tulipopiga, mwenye mtambo alishtuka. Hawakuwa na ukaguzi wowote, wala hawakubadili akaunti. Tulipoitazama tena ile anwani ya barua pepe tukakuta herufi moja imebadilishwa, l imewekwa mahali pa i.

Fahamuni vema kilichotokea. Mlinzi hakukosea. Mwizi naye alikuwa amefungua akaunti ya kweli katika benki ya kweli, na akaunti ya kweli ina IBAN ya kweli, na IBAN ya kweli hubakiza 1. Tarakimu zile mbili zinajua kama mkono umeteleza. Hazijui kama ulimi umesema uongo. Hazijui jina la mwenye akaunti. Tena huko Ulaya, kwa sheria yao ya mwaka 2015 juu ya huduma za malipo, benki iliyolipa kwa kufuata nambari iliyopewa huhesabiwa kuwa imelipa sawasawa, hata kama jina lilikuwa la mtu mwingine. Yaani nambari hushinda jina. Anayepoteza ni aliyeandika nambari.

Wenyewe wameliona tatizo. Uingereza benki kubwa zilianza mwaka 2020 kulinganisha jina na nambari kabla ya mlipaji kuthibitisha, na katika nchi za yuro jambo hilo limekuwa sharti tangu tarehe 9 Oktoba 2025. Ni hatua njema. Lakini sheria hiyo ni ya hawala za huko kwao. Haimlindi chama cha wakulima kinacholipa kutoka huku. Wala tusijidanganye kwa zile herufi mbili za nchi. Akaunti ya mwizi wetu ilikuwa ya nchi nyingine, na wapo waliosema baadaye kwamba hiyo ingalitosha kututahadharisha. Nasema haitoshi. Wapo wauzaji waaminifu wenye akaunti katika nchi mbili tatu, na wapo wezi walio na akaunti katika nchi ile ile ya muuzaji.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, Kamati imeniruhusu nilete mbele ya mkutano huu mambo ambayo tumekuwa tukiyafanya kwa mazoea tangu mwaka juzi, ili mkiyakubali yaandikwe katika kanuni za ndani, maana mazoea huondoka na mtu na kanuni hubaki ofisini.

La kwanza ni la kupokea. Chama Kikuu kitakuwa na karatasi moja tu ya habari za benki, iliyopigwa chapa, yenye jina kamili la chama kama lilivyo katika daftari la benki, nambari ya akaunti nzima bila kupunguza sifuri ya mwanzo, alama ya BIC, jina na mahali pa tawi, benki ya kati ya New York kama benki yetu ilivyotuandikia, na ile sentensi ya kwamba nchi yetu haitumii IBAN. Hakuna mtu, hata Mweka Hazina, hasa Mweka Hazina, atakayeandika habari hizo kwa kumbukumbu ya kichwa. Na mnunuzi aambiwe tangu siku ya mkataba kwamba karatasi hii haitabadilishwa kwa barua pepe, kwa sababu mwizi aliyejaribu kututapeli sisi anaweza vile vile kumtapeli mnunuzi wetu kwa jina letu, na fedha zitakazopotea hapo ni bei ya kahawa yenu.

La pili ni la kulipa. IBAN ya muuzaji isomwe kwa sauti na mtu mmoja, mwingine akifuata kwa kidole, nne nne. Mwangalie herufi O na sifuri, na herufi I na moja. Hizo zimetutaabisha zaidi ya zote. Kisha karani aigawanye kwa 97, aandike baki pembeni, atie sahihi yake.

La tatu, muuzaji yeyote akitangaza akaunti mpya, fedha zisiondoke mpaka watu wawili, mmoja wa ofisi na mmoja wa Kamati, wamempigia simu kwa nambari iliyokuwa katika faili kabla ya tangazo hilo. Simu hiyo iandikwe katika daftari: siku, saa, na jina la aliyeongea. Hata muuzaji akikasirika. Hata mtambo ukichelewa wiki nzima na msimu umefika. Najua msimu unapofika makatibu wa vyama vya msingi hunipigia simu kila asubuhi, nami nawaomba siku hiyo mnivumilie.

Yule mama wa juu mlimani yupo hapa leo. Nimemwona safu ya tatu. Mjukuu wake alipokelewa shuleni siku tisa baada ya wenzake, na nasikia sasa yuko kidato cha nne. Ubao huu wenye mfano wa Ubelgiji utabaki ofisini kwa muda wa mwezi mmoja, na karani wetu yuko tayari kumwonyesha mwanachama yeyote jinsi ya kuigawanya. Nakala za azimio la kanuni hizo tatu ziko mezani kwa Katibu.

Bwana Mwenyekiti, naomba liungwe mkono, kisha niko tayari kwa maswali.